Nimebadilisha dima, taa bado hazipungui mwanga. Je, ni nyaya?

Swali: "Taa ya dari ya sebuleni kwangu ina balbu sita na inawashwa kwa dima ya kuzungusha, ile swichi ya kupunguza mwanga. Kwa miaka mingi nilitumia balbu za zamani za wati 60 na sikuwahi kuona tatizo. Juzi nilizitoa zote nikaweka za LED za wati 7. Tangu siku hiyo nikizungusha dima mwanga haupungui. Unabaki uleule mpaka nikikaribia mwisho, hapo balbu zinaanza kupepesa, mara hii mara ile, kisha zinazimika zote. Swichi nayo inavuma kama nyuki. Nikaambiwa dima imechoka, ninunue kubwa zaidi. Nimenunua ya wati 1000, imefungwa, na mambo yamekuwa mabaya zaidi: sasa zinapepesa hata nikiwa katikati. Fundi anasema nyaya za ndani ya ukuta zimezeeka, zing'olewe. Kabla sijaruhusu ukuta upasuliwe naomba unieleze: inawezekana kweli ni nyaya? Na kama dima zote mbili ni mbovu, ninunue ipi?"

Mwambie fundi aweke patasi chini kwanza. Kwa dalili ulizoeleza, nyaya zako karibu hakika hazina kosa, na nina shaka kama hata moja kati ya hizo dima mbili ni mbovu. Kisa kimeanzia kwenye balbu ulizoweka, na ule ushauri wa kununua dima kubwa umetonesha kidonda.

Tuangalie mambo yalivyofuatana, maana mara nyingi jibu hukaa humo. Dima ilifanya kazi miaka. Ukabadilisha balbu, tatizo likaingia siku hiyohiyo. Kisha ukaleta dima mpya, dalili zikabaki za aina ileile, zikazidi ukali tu. Vilivyokuwepo mara zote mbili ni nyaya na balbu, na kati ya hivyo viwili ni kimoja tu kilichobadilika siku tatizo lilipoanza. Nyaya za shaba hazizeeki kati ya asubuhi na jioni.

Sasa nikueleze kinachotokea, kwa sababu ukikielewa hutahitaji kukisia tena dukani. Watu wengi hufikiri dima ni kama bomba la maji: ukilibana kidogo, umeme unapita kidogo. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Dima za mwanzo zilikuwa na waya mrefu wa ukinzani uliokula sehemu ya umeme na kuutoa kama joto. Zilikuwa kubwa, za moto, na mwanga ukipungua bili haikupungua kwa kiasi hicho. Mwaka 1959 Mmarekani Joel Spira alibuni njia ya kutumia vifaa vya kielektroniki, na dima ikaingia kwenye kiboksi kidogo cha swichi. Tangu hapo dima ya nyumbani haibani chochote. Inakata.

Inakata nini? Umeme wa nyumbani huenda na kurudi. Kwenye umeme wa hezi 50 unabadili mwelekeo mara 100 kila sekunde, na kwenye wa hezi 60 mara 120. Kila mwelekeo ni wimbi dogo linalopanda, likafika kileleni, likashuka hadi sifuri. Kwa hezi 50 safari hiyo huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Ndani ya dima kuna kifaa kinachoitwa traiaki. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti: wimbi linapoanza geti limefungwa, baada ya muda linafunguliwa, na kipande cha wimbi kilichobaki kinapita. Ukiwa umefungulia dima hadi mwisho, geti linafunguliwa mapema na wimbi karibu lote linapita. Ukipunguza, geti linachelewa. Hicho kitufe unachozungusha hakigusi umeme wa taa kabisa. Kinabadilisha ukinzani unaojaza kapasita moja ndogo, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi; kapasita ikifika takribani volti 30 inaisukuma traiaki nayo inafunguka. Ukizungusha kupunguza, kapasita inajaa polepole, geti linachelewa, kipande kinachopita kinakuwa kifupi. Basi. Mchezo wote ni wa kuchelewesha.

Kuna jambo moja kuhusu traiaki ambalo uliweke akilini, tutalirudia: ikishafunguka hubaki wazi yenyewe, ila kwa sharti kwamba mkondo unaopita ndani yake hautashuka chini ya kiwango fulani. Mkondo ukiwa mdogo mno, geti linajifunga kabla ya wakati.

Balbu zako za zamani ziliupenda sana mchezo huo wa kukata wimbi. Ndani yake mna uzi wa tangsteni, na uzi haujui hesabu: ukipewa vipande virefu vya umeme unawaka sana, ukipewa vifupi unawaka kidogo. Halafu una joto. Geti likifungwa kwa sehemu ya elfu ya sekunde uzi haupati nafasi ya kupoa, kwa hiyo jicho lako halioni kukatika kokote. Unaona mwanga laini unaozama taratibu mpaka ukawa wa rangi ya kaa la moto.

Balbu ya LED ni kiumbe kingine. Ukiifumua moja iliyoungua utakuta, chini ya kile kikofia, kibao kidogo cha saketi chenye vidude vya rangi: diodi zinazougeuza umeme uende upande mmoja, kapasita iliyo kama kipipa kinachouhifadhi, na chipu inayougawa. Mafundi tunaita kibao hicho draiva. Kwenye balbu nyingi za bei ya chini, draiva imepewa amri moja tu kiwandani: hakikisha mwanga haubadiliki, liwalo na liwe. Umeme ukiyumba, ziba pengo. Ukishuka, chukua zaidi. Ni sifa nzuri kwa nyumba yenye umeme unaoyumba. Kwa nyumba yenye dima, ni ugomvi. Wewe unazungusha kupunguza, dima inakata wimbi kwa utii, na draiva inaona umeme umepungua, inafanya kile ilichofundishwa, yaani kufidia. Unazungusha tena, inafidia tena. Ndiyo maana mwanga wako haupungui sehemu kubwa ya mzunguko. Unafika mahali vipande vya umeme ni vifupi mno hata draiva haina tena cha kufidia, inazimika; kile kipipa kinajaa tena kidogo, inawaka; kinaisha, inazimika. Huko ndiko kupepesa. Na kwa kuwa draiva hazilingani sawasawa, moja inakata tamaa kabla ya mwenzake, na wewe unaona "mara hii mara ile".

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji bisibisi. Zima taa, ziache zipoe, toa balbu moja usome maandishi yaliyochapwa kwenye shingo yake, au tafuta boksi kama hujalitupa. Balbu inayokubali dima huandikwa neno la Kiingereza "dimmable", na nyingi zina alama ya kitufe cha kuzungusha au swichi yenye mshale. Isiyokubali huandikwa "non-dimmable" au huwa na alama hiyohiyo iliyopigwa mstari. Isipoandikwa chochote, ichukulie kwamba haikubali. Ningeweka dau kwamba zako hazikubali, lakini soma usije ukaniamini mimi bure.

Tofauti kati ya hizo mbili iko kwenye draiva. Ile inayokubali dima imewekewa uwezo wa kupima wimbi limekatwa kiasi gani, ikaelewa kwamba ni amri na si hitilafu, ikapunguza mkondo unaokwenda kwenye LED. Kwa macho, balbu hizo mbili zinafanana kama mapacha.

Sasa turudi kwenye dima kubwa. Ushauri uliopewa una mantiki ya haraka: kitu kimelemewa, leta chenye nguvu zaidi. Lakini dima yako haikuwa imelemewa. Ilikuwa imenyimwa kazi. Piga hesabu. Balbu sita za wati 60 ni wati 360. Balbu sita za wati 7 ni wati 42. Kwenye umeme wa volti 230, kwa hesabu ya wati peke yake, umetoka kwenye mkondo wa takribani ampia 1.6 ukashuka hadi kama ampia 0.18. Kumbuka lile sharti la traiaki: mkondo ukiwa mdogo mno geti linajifunga lenyewe. Ndiyo maana dima hizi huandikwa namba mbili. Ya juu kila mtu anaiona, maana ndiyo inayouza. Ya chini, ambayo ni mzigo mdogo kabisa unaokubalika, huandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Dima ya zamani ya wati 400 mara nyingi huanzia kwenye wati 40 au 60. Ya wati 1000 inaweza kutaka 100 au zaidi. Wewe una 42. Umeihamisha taa yako kutoka kwenye dima iliyokuwa karibu na mpaka ukaipeleka kwenye dima iliyo mbali nao zaidi, ndiyo maana sasa inapepesa hata ukiwa katikati.

Na hata ile namba ya juu usiisome moja kwa moja kwa LED. Dima iliyoandikwa wati 400 kwa balbu za uzi huenda kwa LED ikaruhusiwa wati 100 au pungufu, kwa sababu draiva hazinywi umeme taratibu. Zinaugugumia kwa mikupuo mifupi mikali kila geti linapofunguka. Mtengenezaji makini huandika namba mbili tofauti, moja ya balbu za uzi na moja ya LED. Usipoiona namba ya LED, dima hiyo iache.

Ule mvumo wa nyuki unatoka humohumo. Traiaki inapofunguka katikati ya wimbi, umeme haupandi taratibu bali unaruka ghafla, mara 100 au 120 kwa sekunde. Ndani ya dima kuna koili ya kupunguza makali ya mruko huo, na koili inatetemeka. Mvumo mdogo unaousikia ukisogeza sikio si hatari. Mvumo unaousikia ukiwa umekaa kwenye kochi unasema dima na balbu hazielewani. Mlio wa kukwaruza, kama mafuta yanayotatarika kikaangoni, huo ni habari nyingine kabisa na nitaufikia.

Basi tuthibitishe. Kwenye mfuko wangu wa kazi nina balbu mbili za uzi za wati 60, nimezifunga kwenye soksi zisivunjike, na zimeniokolea muda kuliko mita yoyote niliyowahi kununua. Wewe bila shaka hujazitupa zako zote. Zima umeme wa taa kwenye breka, si kwenye dima tu. Toa LED zote sita. Weka balbu mbili za zamani. Nasema mbili na si moja kwa sababu dima uliyonayo sasa ni kubwa, na moja ya wati 60 huenda isifike kiwango chake cha chini, ukapata jibu la uongo. Taa yako ilikuwa ikibeba sita za aina hiyo, kwa hiyo mbili haziitishi. Washa breka, zungusha dima polepole kutoka juu hadi chini na kurudi.

Zikipungua vizuri, kesi imekwisha: dima nzima, nyaya nzima, fundi akapige kazi nyingine. Hapo fanya jaribio la pili kama una hamu ya kujua zaidi. Zima breka, acha balbu moja ya uzi mahali pake na urudishe LED tano kwenye nafasi zilizobaki. Sasa mzigo umefika kama wati 95. LED zikianza kufuata dima kwa utulivu, shida ilikuwa mzigo mdogo. Zikibaki na mwanga uleule huku balbu ya uzi pembeni yake ikizama, basi umeona kwa macho yako ule ugomvi wa draiva: umeme uleule, waya uleule, mmoja anatii na watano wanakataa. Nimewahi kumwonyesha mwenye nyumba mmoja jambo hili baada ya kubadilishiwa dima tatu ndani ya miezi michache. Alisimama chini ya taa akicheka peke yake.

Lakini je, balbu za uzi zikikataa kupungua? Hapo nitampa fundi wako haki yake. Zikiwaka kwa nguvu zote popote unapozungusha, kuna mambo matatu ninayoyafahamu. La kwanza, traiaki imekufa. Kifaa hiki kikifa mara nyingi hufa kikiwa wazi, yaani geti linabaki limefunguliwa moja kwa moja, na mara nyingi kinachokiua ni balbu ya zamani iliyoungua kwa ule mmweko mkali wa mwisho. La pili, dima imerukwa: nyaya mbili zilizotakiwa kukaa kwenye skrubu tofauti zimefungwa pamoja, umeme unapita bila kukatwa. La tatu hutokea kwenye taa inayowashwa kutoka sehemu mbili, kwa mfano mlangoni na juu ya ngazi: waya mkuu ukiwekwa kwenye skrubu isiyo yake, dima hufanya kazi swichi ya pili ikiwa upande mmoja tu. Na dima mbili za kawaida kwenye taa moja ya namna hiyo hazikai. Moja iwe dima, nyingine swichi ya kawaida. Utagundua kwamba mambo hayo yote yanarekebishwa kwenye kiboksi cha swichi. Hakuna hata moja linalohitaji kupasua ukuta.

Waya uliozeeka au uliolegea una dalili zake: taa inazima na kuwaka bila mtu kugusa, hata dima ikiwa juu kabisa, swichi inapata joto, kuna harufu. Waya hauwezi kuzuia mwanga usipungue.

Ununue nini, sasa? Ningeanza na balbu. Chukua sita zinazokubali dima, zote za aina moja na toleo moja, maana kuchanganya aina mbili kwenye taa moja ni kujitafutia draiva mbili zenye tabia tofauti. Watengenezaji wengi hutoa orodha ya dima walizozijaribu na balbu zao; dakika tano za kuisoma zinakuepusha na safari mbili za dukani. Usijaribu kwa kununua moja tu, kwa sababu balbu moja ya wati 7 peke yake kwenye dima kubwa itapepesa hata kama ni nzuri.

Ukizifunga kwenye dima yako ya sasa kuna uwezekano zipungue lakini zipepese huko chini, kwa sababu ya ule mzigo mdogo. Ndiyo maana kwa nyumba inayotaka kukaa na LED moja kwa moja, ningebadilisha na dima pia. Tafuta iliyotengenezwa kwa LED, ambayo namba yake ya chini ni wati chache tu. Nyingi za aina hiyo hukata upande wa pili wa wimbi: badala ya kuchelewa kufungua, hufungua wimbi linapoanzia sifuri na kufunga mapema. Kwenye boksi zimeandikwa "trailing edge", wakati zile za traiaki ni "leading edge". Kwa kuwa umeme unapanda wenyewe taratibu bila kuruka, draiva nyingi zinazikubali vizuri na mvumo hupungua sana. Ila ikiwa taa zako zingekuwa za volti 12 zenye transfoma nzito ya koili, hiyo ingekuwa dima isiyofaa. Transfoma za namna hiyo zinataka ile ya aina ya kwanza. Kwa balbu zako za kawaida usijali.

Kuna kifaa cha tatu ambacho fundi anaweza kukipendekeza: kijimzigo cha ziada kinachofungwa kwenye taa, sambamba na balbu, ili dima ione mkondo wa kutosha. Kinafanya kazi, nami nimekitumia pale ambapo mwenye nyumba hakutaka kubadili dima ya fahari iliyolingana na swichi zake nyingine. Lakini kinatibu mzigo mdogo tu. Balbu isiyokubali dima haitabadilika tabia kwa kuwekewa kijimzigo.

Unaweza pia kuachana na dima kabisa. Weka swichi ya kawaida, kisha balbu janja zinazopunguzwa kwa simu, au zile zinazobadili kiwango cha mwanga kila unapozima na kuwasha. Ni suluhisho zuri kuliko wengi wanavyodhani. Ila balbu janja usizifunge kwenye dima: zina kipunguzi chao ndani, na wapunguzaji wawili kwenye taa moja hawaelewani. Kurudi kwenye balbu za uzi nako kunawezekana kama unazo, ingawa zinazidi kuwa adimu. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, ulianza kuziondoa sokoni Septemba 2009 kwa zile za wati 100. Utakuwa unalipia umeme mwingi kuliko wa LED ili uwe na giza zuri. Hiyo sikushauri, lakini siwezi kusema haifanyi kazi.

Nikuandae kwa jambo moja usije ukasema nimekudanganya. Hata ukipata balbu sahihi na dima sahihi, LED haitazama kama uzi ulivyozama. Balbu nyingi huishia kwenye asilimia 10 ya mwanga wake, zilizo bora asilimia 5 au hata 1. Asilimia 10 inasikika ni ndogo, lakini jicho halisomi kama mita: robo ya mwanga kwa kipimo huonekana kama nusu, na asilimia 10 huonekana kama theluthi. Kwa hiyo ukiambiwa balbu inashuka hadi asilimia 10 jiandae kwa chumba chenye mwanga wa kusomea gazeti, si giza la kutazamia filamu. Na rangi haitageuka kuwa ya kaa la moto, isipokuwa ununue zile zilizotengenezwa mahususi zipate wekundu zinapopungua.

Dima mpya ikishafungwa usiiache ilivyotoka kiwandani. Dima nyingi za LED zina kijiskrubu au kigurudumu kidogo pembeni au nyuma ya kifuniko, cha kuweka kiwango cha chini kabisa. Mwambie fundi akurekebishie mbele yako: azungushe kitufe hadi chini, kisha apandishe kijiskrubu polepole mpaka balbu zote sita ziwe zimetulia, hakuna hata moja inayotetemeka. Halafu azime na kuwasha mara kadhaa akiwa hukohuko chini. Balbu nyingi zinaweza kubaki zimewaka kwa kiwango ambacho haziwezi kuanzia. Ukiwasha usiku na tatu tu zikaitika, apandishe kidogo tena. Hatua hii inarukwa karibu kila mahali ninapoitwa.

Kuhusu usalama: kusoma balbu na kuibadilisha ni kazi yako. Kufungua kiboksi cha dima si kazi yako, isipokuwa unajua unachofanya na sheria za mahali ulipo zinakuruhusu. Na kumbuka dima iliyozimwa si umeme uliokatwa. Dima nyingi za kielektroniki hupitisha mkondo mdogo hata zikiwa zimezimwa, ndiyo maana baadhi ya LED hubaki na kamwanga hafifu usiku. Breka ndiyo inayokata, na baada ya kuikata bado unapima.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usisubiri jaribio lolote; zima breka uite fundi siku hiyohiyo: dima inayochoma kiasi cha kushindwa kuweka kiganja, kwani uvuguvugu ni kawaida lakini kuchoma si kawaida; kifuniko kilichogeuka rangi ya kahawia; harufu ya plastiki iliyoungua au harufu kama ya samaki; ule mlio wa kutatarika nilioutaja; breka inayojikata; au kushtuliwa hata kidogo ukigusa kifuniko cha chuma. Na kama kwenye dima hiyo mtu aliunganisha feni au soketi ya ukutani, iondolewe leo. Dima ya taa ni ya taa.

Akija fundi, huyo au mwingine, mpe habari kwa mpangilio huu: balbu zilizokuwepo na wati zake, balbu zilizopo na maandishi yake, namba mbili zilizoandikwa kwenye dima, na matokeo ya balbu za uzi. Fundi mzuri atafurahi, umempunguzia nusu ya kazi. Akisisitiza kupasua ukuta bila kupima chochote, mwombe akuonyeshe kwanza kwa kipimo ni waya upi na una hitilafu gani.

Zile LED sita ulizonunua usizitupe, hazina kosa. Zipeleke jikoni, bafuni, varandani, popote penye swichi ya kuwasha na kuzima. Huko tabia yao ya kukataa kupungua haitamsumbua mtu. Dima ya wati 1000 nayo, kama boksi lipo na duka linakubali, irudishe.